Fundi Asiyesikika: Kazi ya Mafundi wa Radio na Televisheni

Ni nyumba gani katika Kongo yetu isiyoijua sauti ya radio? Mkulima huitundika mtini akipalilia maharagwe yake. Mama mwuza samaki wa Kalemie huiweka kando ya kikapu. Mlinzi wa usiku humaliza nayo saa za giza. Watangazaji tunawajua kwa majina, na wengine tunawapenda kana kwamba ni ndugu zetu. Mmoja wao akifika katika karamu ya arusi, watu husogea wapate kumwona uso.

Lakini yuko mtu mwingine ambaye hatujamsikia hata siku moja, na bila yeye mtangazaji angekuwa akisema na kuta za chumba. Huyu ni fundi wa mitambo. Siku anapofanya kazi yake vizuri hakuna anayemkumbuka. Siku mtambo unaponyamaza, ndipo watu wote huuliza: "Fundi yuko wapi?"

Leo tunataka kuieleza kazi yake, kusudi wazazi wajue ni kazi ya namna gani, na vijana wanaopenda kushika vyombo wajue yawapasayo. Tena tutaona kwamba kazi hii, ijapokuwa ni ya waya na chuma, inadai moyo mnyofu kuliko wengi wanavyodhani.

NENO HUSAFIRIJE HEWANI?

Mtu akisema, hewa iliyo mbele ya kinywa chake hutikisika, na mtikisiko huo hutembea mpaka masikioni mwetu. Mwendo wake ni meta 340 hivi kwa sekunde moja. Ni mwendo mzuri, lakini nguvu yake huisha upesi. Mtu akituita toka ng'ambo ya bonde tunamsikia kidogo. Akiwa nyuma ya mlima hatusikii kitu.

Ndiyo maana sauti hupewa chombo cha kuichukua. Mikrofoni ina ngozi nyembamba kama ya ngoma ndogo sana. Ngozi hiyo ikitikiswa na sauti, hutokea umeme mdogo unaopanda na kushuka sawasawa na sauti yenyewe. Umeme huo hukuzwa, kisha hupakizwa juu ya umeme mwingine unaotikisika mara nyingi mno kwa sekunde, kama abiria anavyopanda motokari. Mtambo huusukuma mpaka kwenye antena, na toka hapo mawimbi huruka kwa mwendo wa kilometa 300,000 kwa sekunde. Nyumbani radio yetu humshusha abiria na kuiacha motokari iende zake. Abiria huyo ndiye sauti tunayoisikia.

Tutoe mfano. Askofu anahubiri katika kanisa kubwa la Kinshasa. Mtu aliyeketi meta 34 kutoka kwake, anayesikia kwa hewa tu, hulipata neno baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtu aliye Bukavu, mwendo wa kilometa 1,500 hivi kwa mstari ulionyoka, akisikiliza kwa mawimbi ya radio yanayomfikia moja kwa moja, hulipata baada ya sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Aliye mbali amesikia kwanza!

Mawimbi nayo si ya namna moja. Mawimbi mafupi hupanda juu sana, hugonga tabaka la anga lenye umeme, hurudi chini, na hivyo huvuka nchi na bahari. Mawimbi ya kati hufuata ardhi wakati wa mchana. Usiku hurudishwa pia toka juu, na kwa sababu hiyo tunasikia usiku vituo vya mbali ambavyo mchana havisikiki. Mawimbi ya FM husikika safi kuliko yote, lakini huenda mbele kama mwanga wa taa, na mlima huyazuia. Kila namna ina kipimo chake. Wimbi la FM la megaherzi 100 lina urefu wa meta 3, na antena yake mtu mmoja aweza kuibeba. Wimbi la kati la kiloherzi 1,000 lina urefu wa meta 300, na mlingoti ulio robo ya wimbi hilo hufika meta 75. Fundi asiyejua hesabu atajenga mlingoti mzuri wa kutazamwa tu.

KONGO NA RADIO TANGU ZAMANI

Habari za radio na za Kongo zilikutana mapema. Kabla ya vita vya mwaka 1914 Wabelgiji walijenga mtambo wenye nguvu huko Laeken, mjini Brussels, na shabaha yao ilikuwa kupeleka simu zisizo na waya mpaka Kongo. Waliouendesha, Robert Goldschmidt na Raymond Braillard, wakaona kwamba waweza pia kuchukua sauti ya mtu na ya muziki. Tarehe 28 Machi 1914 wakatangaza toka hapo tamasha la muziki, mojawapo la matangazo ya kwanza ya namna hiyo katika Ulaya. Mwezi Agosti mwaka uo huo, majeshi ya Ujerumani yalipokaribia, Wabelgiji wenyewe waliuvunja mtambo wao usiingie mikononi mwa adui.

Kanisa nalo halikukawia. Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pio wa XI alifungua Radio Vatikano, na aliyeijenga ni Guglielmo Marconi mwenyewe, mmoja wa mababa wa radio duniani. Mwaka 1937 mapadri Wayezuiti wa Collège Albert mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, walianzisha Radio Léo. Tarehe 1 Oktoba 1940 ikafuata Radio Congo Belge ya serikali. Televisheni ilianza Kinshasa mwezi Novemba 1966. Na tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa imekatwa vipande na vita, Radio Okapi ilianza kutangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Ciluba na Kikongo. Watu walioishi pande mbalimbali za vita wakasikia habari zile zile kwa saa ile ile.

Katika kila moja ya tarehe hizo majina ya wakubwa yameandikwa. Majina ya waliovuta waya na kukaza misumari ni machache.

SIKU MOJA YA FUNDI

Tuchukue mfano wa kituo kidogo cha FM, kama vilivyo vingi katika majimbo yetu. Matangazo yakianza saa kumi na moja na nusu ya asubuhi, fundi hufika saa kumi na moja, kungali giza. Kabla ya kushika kitu, husikiliza na kunusa. Mtambo mzima una mlio wake wa kila siku. Mlio ukibadilika, kuna jambo. Harufu ya mpira ulioungua ni habari mbaya.

Kisha hutazama njia za hewa. Mtambo unaotoa kilowati moja angani hula umeme zaidi ya kilowati moja, na ziada yote hugeuka joto ndani ya sanduku lake. Kuna feni ya kuliondoa joto hilo, na mbele ya feni kuna kitambaa cha kuzuia vumbi. Kitambaa kikijaa vumbi, feni inazunguka bure. Mitambo mingi imekufa kwa vumbi, wala si kwa uzee. Panya nao hupenda kutafuna waya, na mende hujificha penye joto. Mama anayefagia chumba cha mitambo kila siku, basi, ni msaidizi wa fundi kweli kweli.

Baada ya hayo husoma vipimo. Kimoja huonyesha nguvu inayokwenda kwenye antena. Kingine huonyesha nguvu inayorudi. Kama njia ni nzima, karibu yote huenda na kidogo sana hurudi. Ikiwa inayorudi inaongezeka, huenda maji ya mvua yameingia katika waya mnene unaopanda mlingotini, au kiungo kimelegea juu. Nguvu isiyopata njia ya kutoka huurudia mtambo na kuupasha moto mpaka uungue. Fundi mvivu husema: "Si bado unasikika?" Fundi mwema hukumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kila kipimo huandikwa katika daftari, pamoja na saa. Daftari hilo ni dhamiri ya kituo. Humo hutiwa yote: umeme ulikatika saa ngapi, fyuzi ipi ilibadilishwa, nani alifungua sanduku gani, mazuti yalibaki lita ngapi. Fundi wa zamu ya usiku hamwoni yule wa asubuhi. Husema naye kwa daftari. Anayeandika vipimo vya uongo, kusudi asisumbuliwe na wakubwa, amemtegea mwenzake mtego gizani.

Katika chumba cha kutangazia, kazi ni ya sikio. Mazulia na mapazia mazito hunyonya mwangwi. Mtangazaji akiikaribia mno mikrofoni, herufi "p" hupasuka kama baruti. Akikaa mbali mno, sauti yake huwa kama ya mtu aliye kisimani. Juu ya meza ya kuchanganyia sauti kuna mshale wa kipimo, nao haufai kukaa katika rangi nyekundu, maana sauti iliyozidi huvunjika, na hakuna awezaye kuiunga tena huko mbele. Hata kanisani tumeyaona haya: mikrofoni ikielekezwa kwenye kipaza sauti, sauti hutoka, huingia tena, hutoka na nguvu zaidi, mpaka tunaziba masikio kwa mlio mkali. Dawa yake si kupiga mikrofoni kwa kidole, kama tuonavyo wengi wakifanya. Dawa ni kuihamisha mikrofoni nyuma ya vipaza sauti, au kupunguza nguvu.

MLIMANI, PENYE RADI

Kwa kuwa FM huenda kama mwanga, kituo hutafuta mahali pa juu. Mlingoti wa meta 100 uliosimama katika nchi tambarare hufikisha mawimbi kilometa 40 hivi. Mlingoti mfupi juu ya mlima huenda mbali kuliko huo. Lakini mahali pa juu ndipo radi hupenda kupiga.

Nasi watu wa Kivu tunaijua radi. Wataalamu waliohesabu mimuliko ya radi duniani kwa vyombo vya angani walieleza mwaka 2016 kwamba mahali pa kwanza ni ziwa Maracaibo huko Venezuela, na pa kwanza katika Afrika, tena pa pili duniani kote, ni karibu na Kabare. Walihesabu hapo mimuliko 205 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Mwenye kusimamisha chuma kirefu katika nchi ya namna hiyo ajue anachokifanya.

Kinga yake si hirizi. Ni shaba na udongo. Juu ya mlingoti huwekwa ncha ya kuipokea radi. Waya mnene huishusha mpaka chini. Na chini fimbo ndefu za shaba huzikwa penye udongo wenye unyevu, kusudi umeme ule ukimbilie ardhini kabla haujaingia katika mtambo. Vyuma vyote vya kituo hufungwa pamoja kwenye ardhi hiyo moja. Mwisho wa kiangazi, udongo ukiwa umekauka, fundi hupima tena, maana kinga iliyofaa wakati wa masika yaweza kuwa dhaifu mvua ya kwanza inapoanza kunguruma.

Kupanda mlingoti kuna sheria zake. Mtambo huzimwa kwanza, na ufunguo wake hukaa mfukoni mwa yule anayepanda, asije mtu mwingine akauwasha kwa kutojua. Maana mawimbi yenye nguvu huunguza nyama ya mtu aliye karibu na antena. Hupanda akiwa amefungwa mkanda. Vyombo vyake vimefungwa kamba, kwa kuwa bisibisi iliyoanguka toka meta 60 yaweza kumwua aliye chini. Hapandi peke yake, wala hapandi wingu likitanda. Na akifika juu, huitazama taa nyekundu inayowaonya marubani wa ndege usiku.

Chini nako si salama. Mitambo mikubwa ya taa hutumia umeme wa volti maelfu. Ndani yake mna vyombo vinavyoweka akiba ya umeme, navyo hubaki vimejaa hata baada ya kuzima. Kwa hiyo fundi huvigusa kwanza kwa fimbo iliyofungwa waya wa ardhini, ili akiba hiyo imwagike. Walimu wa zamani waliwafundisha wanafunzi wao kuweka mkono mmoja mfukoni, kusudi umeme usipate njia ya kupita mkono huu hadi mkono ule kwa kupitia moyo. Amri hiyo imeokoa baba wa watoto wengi.

Kwa nini taabu hii yote? Tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na tarehe 27 Mei wenyeji wa mitaa 10 ya Goma waliamriwa kuondoka mara moja. Siku za namna hiyo simu za mkononi huweza kulemewa, na uvumi hukimbia kuliko habari. Mtu mwenye watoto watano na mzigo kichwani anahitaji sauti moja ya kuaminika imwambie njia ipi ni wazi. Sauti hiyo haiwezi kutafutiwa fyuzi siku ile ile. Ilipasa kuwa tayari tangu jana.

KAZI YA PICHA

Televisheni huongeza jicho juu ya sikio. Picha tunazoziona zikitembea ni picha zilizosimama, 25 kwa kila sekunde katika nchi nyingi, na jicho letu huziunga. Kamera huigawa nuru katika rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kabla ya kuanza, fundi huielekeza kwenye karatasi nyeupe na kuifundisha nyeupe ni ipi. Asipofanya hivyo, kanzu ya padri itaonekana ya manjano.

Nuru ya nchi yetu nayo ina matata yake. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe la mchana, kamera huifuata nuru ya anga na uso wake hugeuka kivuli kitupu. Fundi ajuaye kazi humgeuza upande mwingine, au humwongezea nuru, au hufungua zaidi jicho la kamera, ili uso wa mama huyo uonekane na heshima yake. Na hilo ni haki ya anayetazamwa.

Picha huhitaji njia pana. Tangazo moja la televisheni hukaa katika upana wa megaherzi 6 hadi 8, mahali ambapo mngeweza kukaa mamia ya matangazo ya radio ya mawimbi ya kati. Siku hizi vituo vinahamia namna mpya ya kutumia tarakimu, ambayo huweka programu nyingi katika njia moja. Mataifa yalikuwa yamepatana kwamba Afrika na Ulaya ziianze kwa ujumla kufikia tarehe 17 Juni 2015, ingawa nchi nyingi zilichelewa. Picha ya zamani ilipodhoofika ilififia kidogo kidogo, na mtazamaji alionywa. Picha ya tarakimu hubaki safi mpaka mwisho, kisha hukatika ghafula. Fundi wa leo, basi, hawezi kungoja dalili za macho, sharti apime.

MTAMBO HAUJUI MEMA WALA MABAYA

Tumefika mahali pazito. Mtambo huchukua kila neno unalopewa. Rozari huichukua, na tusi hulichukua, kwa nguvu ile ile.

Jirani zetu wa Rwanda waliliona jambo hili kwa machozi. Mwezi Julai 1993 ilianza huko radio iliyoitwa Radio Télévision Libre des Mille Collines. Ilipiga muziki mzuri, vijana wakaipenda. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya Watutsi, ilichochea watu wawaue jirani zao. Mwaka 2000 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimpa kifungo cha miaka 12 Georges Ruggiu, mmoja wa watangazaji wake, aliyekiri kosa. Na mwaka 2003 ikamhukumu Ferdinand Nahimana, mmoja wa walioianzisha.

Nyuma ya sauti zile palikuwa na mtambo, na mtambo haujiwashi wenyewe. Kuna mkono uliotia mazuti, kuna mkono uliobadilisha fyuzi. Je, mwenye mkono huo aweza kusema: "Mimi ni fundi tu, maneno si yangu"? Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya kupashana habari, ulifundisha kwamba wajibu huu unawaangukia wote wenye sehemu katika kutengeneza na kupeleka matangazo. Anayejua kwamba sauti inaamuru watu wauawe, naye akaendelea kuipa nguvu, ameshika ncha moja ya panga.

Lakini tusikosee upande wa pili. Fundi hakuwekwa awe hakimu wa maneno. Mwanasiasa asiyempenda, mhubiri wa dini nyingine, mkulima anayeilalamikia serikali: wote hao wana haki ya kusikika vizuri, na fundi anayewakata kwa hila, kisha akasingizia umeme, amesema uongo mkubwa bila kufungua kinywa. Kupingana kwa mawazo ni jambo moja; kutuma watu wamwage damu ni jambo jingine. Dhamiri iliyolelewa vema tangu utotoni huweza kuyapambanua hayo mawili, hata usiku, hata peke yake mlimani.

Kuna na vishawishi vidogo vya kila siku. Mshahara umekawia miezi, na pipa la mazuti liko pale. Lita tano zikitoka, nani atajua? Au mwenye kituo anataka asikike mbali zaidi, naye anamwomba fundi azidishe nguvu kupita ruhusa na kuondoa vichujio. Huyu wa pili ni hatari kuliko wa kwanza. Mawimbi ya FM huishia megaherzi 108, na mara juu ya hapo huanza mawimbi ya ndege. Mtambo usiochujwa vizuri waweza kumwaga makelele katika masikio ya rubani anayetafuta uwanja katika mawingu. Kwa upande wao, wenye vituo wakumbuke kwamba mtumishi hustahili ujira wake. Anayemnyima fundi mshahara, kisha akamdai uaminifu, ajiulize kwanza yeye mwenyewe.

NYUMBANI MWETU

Tuongeze mashauri machache kwa jamaa zetu. Radi ikianza kunguruma, ondoeni waya wa televisheni katika umeme, na waya wa antena pia. Msifunge kamwe antena kwenye nguzo ya umeme wala karibu na nyaya zake. Msiruhusu watoto kufungua televisheni za zamani zenye kioo kinene: ndani yake hukaa umeme wa volti maelfu hata zikiwa zimezimwa. Batri zilizokwisha msizitupe motoni, maana hupasuka. Tena msiziache ndani ya radio, maana hutoa maji makali yanayokula chuma.

KWA WAZAZI NA VIJANA

Wazazi wengi wanatamani mtoto wao akae ofisini, avae tai, aandike kwenye karatasi nyeupe. Kijana akipenda kufungua radio mbovu, baba humwambia anachezea takataka. Tunawasihi wawaangalie watoto hao kwa jicho jingine. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mwaka 1911, na tangu hapo wamewafundisha vijana wa Kongo ufundi pamoja na sala. Baada ya shule ya sekondari ya umeme au elektroniki, kijana aweza kuendelea katika chuo kikuu cha ufundi, kama ISTA huko Kinshasa. Atahitaji hesabu, fizikia na Kifaransa. Atahitaji pia subira, sikio zuri na mkono usiotetemeka. Wasichana wasizuiliwe: umeme haumwulizi mtu kama ni mwanamume au mwanamke, huuliza tu kama anajua.

Lakini shule haimalizi yote. Uaminifu hauuzwi pamoja na vyombo. Mtoto anayefundishwa na mama yake kurudisha chenji yote ya sokoni ameanza masomo ya ufundi. Atakapokuwa peke yake usiku wa manane na daftari mbele yake, ataandika kipimo kama kilivyo.

Kanisa limewapa watu wa kazi hii walinzi mbinguni. Mwaka 1951 Papa Pio wa XII alimweka Malaika mkuu Gabrieli, mleta habari njema kwa Bikira Maria, awe msimamizi wa mawasiliano yapitayo mbali. Baadaye akamweka Mtakatifu Klara wa Asizi awe msimamizi wa televisheni. Husimuliwa kwamba Klara, akiwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, asiweze kwenda kanisani, aliiona na kuisikia Misa toka chumbani mwake. Leo wagonjwa wetu wengi huisikia Misa ya Dominika toka kitandani bila mwujiza mwingine ila kazi ya mikono ya watu.

Bwana wetu aliwaambia mitume wayatangaze juu ya nyumba yale waliyoyasikia sikioni. Siku hizi, juu ya nyumba pana mlingoti, na chini ya mlingoti yuko mtu mwenye bisibisi, daftari na tochi. Jioni hii, tukimaliza kusikiliza habari na kuanza sala ya jamaa, tumkumbuke naye. Kama kuna fundi wa namna hiyo katika mtaa wetu, tumsalimu kesho na kumwambia kwamba alisikika.